USALAMA KATIKA VYUO VIKUU NI DHIMA YA KILA ANAYEFANYA KAZI HUMO

Chuo kikuu huhesabiwa na watu wengi kuwa ni mahali pa kusomea tu. Ukweli ni kwamba chuo kikuu ni mahali pa kazi kama ilivyo bandari, hospitali au kiwanda. Humo hufanya kazi wahadhiri, makarani, wakutubi, mafundi wa maabara, wapishi, wafagiaji, madereva, matabibu na walinzi. Kwa hiyo, inapozungumzwa habari ya usalama wa chuo, wanaohusika si wanafunzi peke yao bali ni kila mtu ambaye riziki yake imo ndani ya mipaka ya chuo hicho, na pia kila mwananchi anayepita humo kwa shughuli zake.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi mambo yanayohatarisha usalama katika sehemu hizo za kazi, yale ambayo sheria inayataka, na hatua ambazo mfanyakazi au mkaazi anaweza kuzichukua mwenyewe bila ya kungojea amri.

Chuo chenye ukubwa wa mji

Mfano mzuri wa kuufikiria ni Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2007, na jengo lake la mwanzo kutumika lilikuwa ukumbi wa Chimwaga. Kilipangwa kuwa na uwezo wa kuchukua wanafunzi 40,000 kitakapokamilika. Majengo yake yametawanyika juu ya vilima vya upande wa mashariki ya mji wa Dodoma, na baina ya ndaki moja na nyengine kuna masafa ambayo mtu hawezi kuyamaliza kwa miguu kwa muda mfupi.

Wanaofanya kazi na kusoma katika chuo hicho wanatoka kila pembe ya Muungano. Wapo waliotoka vijiji vya karibu vya nyanda za kati, kama vile Mlali katika Wilaya ya Kongwa, na wapo waliotoka Makunduchi, Wete na Micheweni. Aidha, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, baadhi ya wizara zilifanyia kazi katika majengo ya chuo hicho kabla ya kuhamia Mji wa Serikali wa Mtumba. Katika kipindi hicho watumishi wengi wa Serikali walijikuta wakifanya kazi ndani ya chuo kikuu ingawa hawakuwa walimu wala wanafunzi.

Hapa Zanzibar hali haitofautiani sana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kina kampasi kadhaa Unguja na Pemba, na kampasi yake kuu ya Tunguu ipo katika eneo ambalo pia kuna chuo kikuu chengine na makaazi ya wananchi. Anayetoka ofisini baada ya sala ya magharibi hupita katika njia ile ile anayopita mgeni asiyejulikana.

Ukubwa wa eneo, wingi wa milango na mchanganyiko wa watu ndio unaofanya ulinzi wa chuo uwe tofauti na ulinzi wa nyumba. Nyumba ina mlango mmoja na wenyewe hujuana. Chuo kina milango mingi na watu wake hubadilika kila mwaka. Mlinzi hawezi kumjua kila mtu kwa sura, na hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwa vitambulisho.

Mafunzo ya Garissa

Tukio ambalo limebadilisha fikra za watu kuhusu ulinzi wa vyuo katika Afrika ya Mashariki ni lile la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili, 2015, watu wanne wenye silaha walivamia chuo hicho, wakawapiga risasi walinzi waliokuwa langoni na kuingia katika mabweni. Watu 148 waliuawa, na 142 kati yao walikuwa ni wanafunzi. Mapambano hayakumalizika hadi jioni ya siku hiyo. Mwezi wa Juni, 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kuhusika na njama hiyo, mmoja wao akiwa ni raia wa Tanzania. Hivyo, haifai mtu yeyote kudhani kuwa jambo hilo ni la jirani na halimhusu.

Mambo mawili ya kuzingatiwa yanapatikana hapo. La kwanza ni kuwa lango peke yake si ulinzi. Mlinzi wa langoni akishaondolewa, waliomo ndani hubaki wakitegemea yale wanayoyajua wao wenyewe: wapi pana mlango wa pili, wapi pa kujificha, na nani wa kumpigia simu. La pili ni kuwa msaada mkubwa unaweza kuchelewa, hasa katika chuo kilichopo mbali na mji mkuu. Saa za mwanzo ni za wale waliopo pale pale.

Hofu nayo huua

Siku kumi baada ya tukio hilo, usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili, 2015, kulitokea mripuko wa hitilafu ya umeme katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakukuwa na mshambuliaji yeyote. Hata hivyo, wanafunzi walioamka kwa kishindo walidhani kuwa wamevamiwa, wakaanza kukimbia na wengine kuruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alifariki dunia na zaidi ya 100 walijeruhiwa.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, tarehe 30 Novemba, 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore mjini Nairobi kilifanya zoezi la kujihami na uvamizi. Wengi wa waliokuwemo hawakujua kuwa lile ni zoezi. Waliposikia milio ya risasi waliruka kutoka juu ya majengo, na mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki dunia kutokana na majeraha aliyoyapata.

Matukio mawili hayo yanaonesha kuwa hofu isiyo na maelekezo inaweza kuleta maafa hata pale ambapo adui hayupo. Kwa sababu hiyo, mazoezi ya dharura ni ya lazima, lakini ni lazima yafanywe kwa utaratibu. Wafanyakazi waarifiwe mapema kuwa zoezi litafanyika. Ishara ya kuanza na ya kumaliza ijulikane na watu wote. Polisi, zimamoto na hospitali zilizo karibu zipewe habari. Zoezi linalowashtua watu bila ya kuwafundisha chochote halina faida, na kama ilivyoonekana, linaweza kuwa na madhara makubwa.

Moto na milango iliyofungwa

Pamoja na ukubwa wa matukio ya uvamizi, moto nao unahitaji tahadhari ya kila siku. Mwezi wa Juni, 1994 moto uliteketeza bweni la skuli ya wasichana ya Shauritanga, Wilaya ya Rombo, na wanafunzi zaidi ya 40 walipoteza maisha. Mwezi wa Agosti, 2009 wanafunzi 12 walifariki katika moto wa bweni la skuli ya sekondari ya Idodi, mkoani Iringa. Hizo zilikuwa ni skuli na siyo vyuo vikuu, lakini bweni ni bweni, na nondo za dirishani hazichagui umri wa aliyemo ndani.

Hapa pana jambo ambalo wasimamizi wa majengo hupaswa kulipima kwa makini. Nondo, kufuli na milango ya chuma huwekwa ili kumzuia mwizi. Vitu hivyo hivyo humzuia pia mtu anayetaka kuokoa roho yake. Jengo lenye mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli usiku, na ufunguo ukawa kwa mtu asiyekuwepo, limelindwa dhidi ya wizi wa kompyuta lakini halikuwalinda watu waliolala humo. Kanuni iliyo salama ni kuwa kila sehemu inayokaa watu iwe na njia ya pili ya kutokea, na mlango wa njia hiyo uweze kufunguliwa kutoka ndani bila ya ufunguo.

Kwa upande wa ofisi, chanzo cha moto mara nyingi huwa ni kitu kidogo: birika la umeme lililosahauliwa, waya uliochubuka, au soketi moja iliyobebeshwa vifaa vingi. Mfanyakazi wa mwisho kutoka ahakikishe kuwa vifaa vimezimwa. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Kwanza ukatwe umeme, kisha utumike mtungi wa kuzimia moto unaofaa. Anayeutumia mtungi huchomoa pini, huelekeza mdomo wa bomba kwenye shina la moto na siyo kwenye ndimi zake, hubana mkono wa mtungi, kisha hupeleka bomba upande huu na upande huu. Ikiwa moto umeshakuwa mkubwa, lililo muhimu ni kutoka. Moshi huua kabla ya moto kufika, kwa hiyo anayepita kwenye moshi ainame chini ambako hewa ni safi zaidi.

Hali kadhalika, wasisahauliwe watu wenye ulemavu. Kijiji cha Mlali kinajulikana kwa kituo chake kinachowahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Mtoto aliyenyooshwa miguu akaweza kusoma, kesho huwa ni mwanafunzi wa chuo, na keshokutwa huwa ni mfanyakazi mwenzetu. Mpango wa kuokoa watu usioeleza nani atamsaidia anayetumia kiti cha magurudumu kushuka kutoka ghorofa ya pili, au nani atamjuilisha asiyesikia king'ora, ni mpango pungufu. Jambo hilo huamuliwa mapema, na watu waliopewa dhima hiyo hutajwa kwa majina.

Usalama wa mtu njiani na ofisini

Si kila hatari huja kwa kishindo. Nyingi ni zile za kila siku: kuporwa simu njiani, kuvunjiwa ofisi, kugongwa na pikipiki, au kufuatwa na mtu usiku. Kwa hatari hizi, hatua ndogo huwa na faida kubwa:

(a) Mfanyakazi anayebaki ofisini hadi usiku amwarifu mlinzi wa jengo, ataje chumba alichomo na saa anayotarajia kutoka. Ikiwezekana wabaki watu wawili.

(b) Wanaotoka usiku watoke kwa pamoja na wafuate njia yenye taa hata kama ni ndefu. Njia ya mkato inayopita vichakani huokoa dakika chache tu.

(c) Anayepanda bodaboda avae kofia ngumu, achague dereva anayejulikana katika kituo, na amjuilishe mtu wa nyumbani au mwenzake kuwa yumo njiani.

(d) Funguo za ofisi zisiachwe juu ya mlango wala chini ya busati. Funguo zinapopotea itolewe taarifa siku hiyo hiyo, na kufuli libadilishwe.

(e) Kitambulisho kivaliwe wakati wa kazi. Mgeni aandikishwe langoni na apelekwe kwa anayemtaka. Mkubwa wa idara asione uzito kuoneshwa njia hii na mlinzi wa cheo cha chini. Mlinzi anatekeleza kazi yake.

(f) Njia isiyokuwa na taa, ua uliovunjika au dirisha lisilofunga yaripotiwe kwa maandishi, na nakala iwekwe. Kilichoandikwa ni vigumu kusahauliwa.

Ni vyema pia ikaeleweka kuwa tahadhari si dhana mbaya. Mlinzi anapomkagua mtu, amkague kwa sababu ya utaratibu unaowahusu wote, na siyo kwa sababu ya kabila, dini au mavazi yake. Ulinzi unaowabagua watu huwafanya waliobaguliwa wasitoe habari, na ulinzi usiopata habari ni dhaifu.

Unyanyasaji na rushwa ya ngono

Usalama wa mtu kazini haukamiliki ikiwa anayemtishia ni mkubwa wake au mwenzake. Katika vyuo, mwenye alama za mtihani, nafasi ya ajira au mkataba mkononi mwake ana nguvu juu ya mwengine, na wapo wanaoitumia nguvu hiyo vibaya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Namba 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inahesabu kuwa ni kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Uzito wa tatizo hilo vyuoni uliifanya TAKUKURU kulifanyia utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na matokeo yake kutolewa mwaka 2020. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni aina ya ubaguzi.

Aliyefikwa na jambo hilo ahifadhi ujumbe wa simu, barua na tarehe, na alieleze mapema kwa mtu anayemwamini. Tanzania Bara taarifa hupelekwa TAKUKURU kwa simu namba 113 au katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Zanzibar hupelekwa katika Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi (ZAECA) au kituo cha polisi.

Ikiwa mtu ameingiliwa kwa nguvu, afike hospitali haraka iwezekanavyo, kabla ya kuoga au kufua nguo alizozivaa, kwani hizo ni ushahidi. Dawa za kumkinga na maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema zaidi ndivyo bora zaidi. Hapa Zanzibar huduma za matibabu, ushauri na polisi hupatikana kwa pamoja katika vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo vilianzia Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011. Aliyedhulumiwa hana kosa, na anayemficha mdhulumu kwa kuogopa aibu humwachia nafasi ya kumdhulumu mwengine.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara inafuata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, ambayo husimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005. Msingi wa sheria hizo ni mmoja: mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kuwa mahali pa kazi ni salama, na mfanyakazi ana wajibu wa kujilinda na kutowahatarisha wenziwe. Sheria ya Tanzania Bara inataka sehemu ya kazi isajiliwe, pawepo wawakilishi wa usalama na afya, pawepo vifaa vya kuzimia moto na huduma ya kwanza, na ajali ziripotiwe. Chuo kikuu hakikutolewa katika masharti hayo.

Mfanyakazi wa Tanzania Bara anayeumia akiwa kazini anahusika na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Ili haki hiyo isipotee, ajali iripotiwe kwa mwajiri bila ya kuchelewa na vyeti vya hospitali vihifadhiwe. Aliyejeruhiwa kwa kupigwa, au kwa kugongwa barabarani, achukue pia fomu ya polisi namba 3, yaani PF3.

Kuhusu walinzi, Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inatoa nafasi ya kuwepo askari wasaidizi katika taasisi. Hata hivyo, askari hao hawachukui nafasi ya Jeshi la Polisi. Kosa la jinai lililotendeka chuoni ni la kupelekwa polisi, na siyo la kusuluhishwa ofisini ili kulinda jina la chuo. Jina la chuo hulindwa kwa uadilifu wake.

Inapotokea dharura

Kila mfanyakazi aziweke namba hizi katika simu yake na azibandike ukutani: Polisi 112, Zimamoto na Uokoaji 114. Anayepiga aseme kwanza mahali alipo, kwa kutaja jina la jengo na lango lililo karibu, kisha aeleze kilichotokea na idadi ya waliodhurika. Katika chuo kikubwa, gari la zimamoto linaweza kupoteza dakika nyingi kwa kutafuta jengo. Kwa hiyo mtu mmoja apelekwe langoni kulipokea.

Ikiwa ni uvamizi wa silaha, anayeweza kukimbia akimbie na aache mizigo. Asiyeweza afunge mlango, azime taa, anyamazishe simu na akae mbali na dirisha. Habari za kubahatisha zisisambazwe kwa simu, kwani huwapeleka watu kwenye hatari badala ya kuwaondoa.

Kwa kuzingatia hayo, wakuu wa vyuo, wakuu wa idara na wawakilishi wa wafanyakazi wanahimizwa kukaa pamoja angalau mara moja kila muhula na kupitia milango, taa, mitungi ya kuzimia moto na orodha ya watu waliopewa dhima. Masheha na wananchi wanaoishi jirani na vyuo nao washirikishwe, kwani wao ndio wa mwanzo kumwona mgeni anayezunguka ua usiku. Gharama ya kuweka taa moja au kutoboa mlango wa pili inaweza kuhesabiwa katika bajeti. Gharama ya kuchelewa kufanya hivyo ililipwa Shauritanga na Idodi, na waliolipa ni watoto wa watu.

Tahadhari kabla ya athari.